Usiiwashe Kabla Sijaja

Jana nilipofika kwa Mfaume Likuta
aliapa haijawashwa tangu Ijumaa.
Nikaiwekea injini kiganja, kama unavyompima mtoto homa.
Ilikuwa ya moto.
Sikusema kitu. Nilijifuta masizi kwenye pindo la kanga,
nikamwambia: narudi kesho alfajiri,
usiiwashe kabla sijaja.

Fundi Chikawe, niliyekuja naye kwa ahadi ya soda,
alikuwa keshachuchumaa, keshainama, keshaguna
ule mguno ambao mafundi huutoza kando.
Ringi zimekwisha, ndiyo maana moshi ni wa bluu.
Sproketi imechongoka, meno kama ya papa.
Klachi inateleza. Na hapa, dada, lete jicho,
chesisi imechomelewa, rangi ikapakwa juu yake.
"Ilianguka?" nikamuuliza Mfaume.
"Ililala," akasema.
Kumbe pikipiki nayo hulala.

Usiku nimepiga hesabu nyuma ya stakabadhi ya korosho:
mnada wa tatu, kilo mia nne na kumi,
makato ya chama, makato ya magunia, makato ya makato.
Yeye anataka laki nane.
Ringi, sproketi, sahani za klachi,
laki mbili na elfu kumi na tano,
na hapo mkono wa fundi haujaguswa.
Nikafuta. Nikaandika upya. Jibu halikubadilika
ila mwandiko ulizidi kuwa mzuri.

Mama mkwe, Somoe, kageukia ukutani:
"Rahisi huvunja upishi."
Lakini sufuria lake la kwanza alilinunua na tundu,
akaliziba,
likatupikia ugali miaka kumi na tisa.
Sikumkumbusha. Nilikuwa nawaza bonde,
kiangazi cha Newala, foleni ya kisimani,
yule kijana anayenitoza mia saba kwa dumu
na kunipigia honi mlangoni
kana kwamba mvua ni ya babu yake.
Madumu manne kwa safari. Safari tatu kwa juma.
Hiyo hesabu sikuiandika popote.
Naijua kwa shingo.

Alfajiri ukungu ulikuwa umekaa barabarani
kama mgeni asiyeaga.
Mfaume alinisubiri nje, kajifunika shuka,
pikipiki kaiegemeza ukutani, mbali naye,
mbali kabisa, ili nione.
Nikaweka kiganja.
Baridi. Baridi ya bati, na umande juu yake.
Moyo wangu ukamsogelea kidogo yule mzee.

Akanipa kadi. Jina si lake.
Shaweji Mfaume, limeandikwa,
na Shaweji mwenyewe akatokea mlangoni
kwa mguu mmoja na gongo la mkorosho,
suruali imekunjwa na kupigwa pini gotini.
Hakunisalimia. Alitazama mkono wangu kwenye usukani.
"Vuta choki nusu," akasema. "Usiivute yote, haipendi.
Kiki ya kwanza ni hodi tu.
Usimkasirikie."

Nikaelewa nani alilala, na wapi,
na rangi ile ilipakwa kuficha nini,
na laki nane ni za deni la nani pale wodini.
Nikatamani nisingeelewa.
Huruma haina risiti, na stakabadhi yangu ni moja.

Kiki ya kwanza: kimya.
Kuku akatoka chini ya uchaga, akarudi.
Kiki ya pili: kikohozi, chembamba,
cha mtu aliyeamshwa na jina lake.

Nikasita.
Kwa maana ya tatu ikiitika, najijua,
nitalipa nane, na nitashukuru.
"Laki sita na nusu," nikasema,
"na akiniruhusu, Shaweji anifundishe tabia zake."

Mfaume akamtazama mwanawe.
Mwanawe akaitazama pikipiki.
Mguu wangu ulikuwa bado juu ya kiki.